Gombo la Moto: kinara kinachorudi nyumbani

Kila ninapoongoza mahujaji kutoka Dar es Salaam au Nairobi, huwaomba saa mbili ambazo hazimo kwenye ratiba yao, niwaonyeshe Gombo la Moto, mnara wa kumbukumbu ulio msituni huko Israeli. Tunaanzia Eshtaoli, kwenye nchi ya Samsoni, tunaifuata barabara namba 395 inayopanda milima ya Yerusalemu, tunaingia Msitu wa Mashahidi. Hapo huwaambia wafungue Yoshua 15:10. Mpaka wa kabila la Yuda unapita mlima Yearimu, "ndio Kesaloni". Kesaloni ya leo ni kijiji cha jirani, na yearimu kwa Kiebrania ni misitu.

Msitu huu ulianza kupandwa mwaka 1951 ukiwa na hesabu maalumu: miti milioni 6, kwa ajili ya Wayahudi milioni 6 waliouawa na Wanazi. Misonobari milioni 4.5 inasimama badala ya watu wazima, miberoshi milioni 1.5 badala ya watoto. Nikishataja hesabu hiyo, watu huacha kuzungumza, na mimi huwaacha wanyamaze.

Juu ya kilima ndipo lilipo Gombo la Moto, lililozinduliwa mwaka 1971. Ni magombo mawili ya shaba nyeusi, kila moja limesimama wima kama gombo la Torati lililofunuliwa nusu, kimo chake mita 8. La kwanza lina ghetto, yaani mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, nyaya za kambi, watu wanaosukumwa kwenda kufa, na wengine wanaoshika silaha. La pili lina uhuru na kurudi kwa Wayahudi katika nchi yao. Nawasihi sana wageni wangu wasipige picha kutoka mbali kisha wakageuka. Picha zimechongwa kuzunguka gombo, kwa hiyo hulisomi bila kutembea, na katikati ya magombo kuna nafasi ya kuingia na kusimama.

Aliyelichonga ni Nathan Rapoport, mzaliwa wa Warsaw, Poland, mwaka 1911. Vita vilipozuka 1939 alikimbilia Muungano wa Kisovieti, akanusurika. Mnara wake wa mashujaa wa ghetto ya Warsaw, Wayahudi walioinuka dhidi ya Wanazi, ulizinduliwa huko Warsaw tarehe 19 Aprili 1948, ukiwa umejengwa kwa mawe ya Sweden ambayo Wanazi walikuwa wameyaagiza kwa ajili ya minara yao wenyewe. Upande wake wa nyuma kuna msafara wa Wayahudi wanaopelekwa kuuawa: wazee, akina mama, watoto, na mzee mmoja amekumbatia gombo la Torati. Mpangilio wa msafara huo unatokana na Tao la Tito kule Roma, linaloonyesha askari wa Kirumi wakibeba kinara cha taa saba walichokipora katika Hekalu la Yerusalemu mwaka 70.

Sasa njoo hapa msituni, utafute kinara. Kipo, kimebebwa mabegani kama kule Roma, lakini safari hii kinarudishwa. Na lile gombo la mkononi mwa mzee wa Warsaw, kwa macho yangu, ndilo hili lililokua likawa refu kuliko nyumba. Ni usomaji wangu, lakini sijawahi kusimama pale nikaona vinginevyo.

Shaba imedumu. Miti haina uhakika huo. Msonobari wa Aleppo umejaa utomvu, nao hushika moto upesi. Baadhi ya koni zake hubaki zimefungwa kwa miaka, mpaka joto la moto lizifungue na kumwaga mbegu. Agosti 2021 moto mkubwa uliwaka milimani humu, watu wa Kesaloni wakahamishwa. Anayetaka kuitunza hesabu ya milioni 6 lazima apande tena.

Moto ule ulifunua kitu kingine. Miti ilipoungua, miteremko ilionekana yote imekatwa ngazi kwa ngazi, kuta za mawe yaliyopangwa kwa mkono, kazi ya wakulima wa vizazi vingi. Kijiji cha Waarabu cha Kasla kilikuwa hapa Kesaloni, na jina lake lilikuwa mwangwi wa lile la Yoshua. Kilibaki bila watu Julai 1948, vita vya Waarabu na Israeli vilipokifikia. Sipendi kuwapitisha wageni juu ya mawe hayo kimya kimya, maana msitu wa kumbukumbu haufai kuwa na sehemu isiyotajwa.

Ukipata nafasi ya kuchagua, njoo Februari. Hapo milozi ya zamani katika milima hii huchanua maua meupe kwenye ngazi za mawe, chini kidogo ya misonobari.