Usimamizi wa Maarifa Kiwandani: Maana Yake na Nafasi Yake katika Ushindani wa Dunia

Usimamizi wa maarifa ni utaratibu ambao kampuni hujiwekea ili kile wanachokijua watu wake kitambuliwe, kihifadhiwe, kimfikie anayekihitaji na kiongezeke, badala ya kubaki kichwani mwa mtu mmoja na kuondoka naye siku anapostaafu au anapohamia kwa mshindani. Wengi wakilisikia jina hilo hufikiria kompyuta na kabati la mafaili. Hivyo ni vyombo tu. Kampuni inaweza kununua programu ya bei kubwa, na bado fundi wa zamu ya usiku asijue kwamba mwenzake wa mchana alikwisha kupata dawa ya hitilafu inayomsumbua.

Kwa viwanda vya jadi, kama vile vya nguo, vyuma, viatu, saa na vyakula, jambo hili lina uzito wa pekee. Mashine ya kufumia inayouzwa Ulaya huuzwa pia Asia na Afrika, na malighafi hupatikana sokoni kwa yeyote mwenye fedha. Ujira mdogo nao hauwezi kuwa kinga ya kudumu, kwa kuwa daima ipo nchi nyingine ambako ujira ni mdogo zaidi. Kinachobaki ni ujuzi: unyevu gani wa hewa unaifaa pamba ya msimu huu, mashine ipi hukatakata uzi hewa inapokauka na hurekebishwaje, mteja yupi hukagua pindo kabla ya rangi. Hayo mshindani hawezi kuyaagiza.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoifahamu unatoka Le Locle, mji wa mafundi saa milimani Uswisi. Mwaka 1969 kampuni ya Zenith ilitangaza mtambo wa saa ya mkono ulioitwa El Primero, unaojijaza wenyewe kwa mwendo wa mkono, wenye kipima muda, na unaopiga mara 36,000 kwa saa. Mwaka huohuo Seiko ya Japani ikatoa saa ya kwatsi inayotumia betri, na katika miaka iliyofuata saa za aina hiyo, kwa usahihi wake na kushuka kwa bei yake, zikaiangusha biashara ya saa za Uswisi. Zenith wakati huo ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Kimarekani ya Chicago, na mwaka 1975 amri ikatoka kwamba mitambo ya jadi isitengenezwe tena na vifaa vyake viuzwe kama vyuma chakavu. Mkuu wa karakana, Charles Vermot, aliomba angalau sehemu ihifadhiwe, asisikilizwe. Ndipo alipoanza kubeba presi, kalibu na zana za kukatia, kidogo kidogo, akazificha kwenye dari la kiwanda. Na, jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita haraka, akaandika hatua za kazi na kuonyesha kila kifaa ni cha nini.

Uzalishaji ulipoanza tena mwaka 1984, kampuni haikulazimika kuubuni upya mtambo wake. Mwaka 1988 Rolex ilianza kuutumia, baada ya kuurekebisha, katika saa yake ya Daytona, na ikaendelea hivyo hadi mwaka 2000. Zana bila maandishi zingekuwa lundo la vyuma. Maandishi bila zana yangedai gharama kubwa ya kuzitengeneza upya. Na vyote viwili vingekuwa na faida ndogo kama mafundi waliowahi kuuunda mtambo huo wangekuwa wamekwisha tawanyika wote. Inafaa kukumbukwa pia kwamba yote haya yalifanyika kwa kukaidi amri. Kampuni iliokolewa na ukaidi wa mtu mmoja kwa sababu haikuwa na utaratibu.

Wataalamu hutenga maarifa yanayoandikika na yale yaliyomo mikononi na machoni mwa mtendaji, ambayo mwanafalsafa Michael Polanyi aliyaeleza katika miaka ya 1960 kwa kusema kwamba tunajua zaidi ya tunavyoweza kusema. Fundi wa majahazi wa Lamu hupinda mbao za ubavu bila mchoro wowote mbele yake, na ukimwuliza kipimo atakuonyesha badala ya kukueleza. Maarifa ya namna hii hupatikana kwa kukaa karibu na anayeyajua. Katika miaka ya 1980, wahandisi wa kampuni ya Matsushita ya Japani walishindwa kuifanya mashine ya kuokea mkate nyumbani iukande unga vizuri, hadi mmoja wao, Ikuko Tanaka, alipokwenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli mjini Osaka. Alibaini kwamba mwokaji hakuwa akiuvuta unga tu, bali pia aliupotoa. Wahandisi wakaongeza mbavu ndani ya chombo ili mwendo ule upatikane, na mwaka 1987 mashine ikaingia sokoni.

Soko la dunia limekwisha liingiza suala hili katika masharti yake. Toleo la mwaka 2015 la ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora ambacho wanunuzi wengi wa nje hukitaka kabla ya kuagiza bidhaa, linaitaka kampuni ibainishe maarifa inayoyahitaji, iyatunze na iyafikishe panapohusika. Kiwanda cha Nairobi au cha Dar es Salaam kinachoomba cheti hicho hubanwa na sharti hilohilo.

Kikwazo kigumu zaidi, kwa maoni yangu, ni hofu. Fundi anayejua peke yake namna ya kuifufua tanuri iliyozimika ana bima ya ajira, na hana sababu ya kumfundisha kijana ambaye kesho atawekwa mahali pake kwa mshahara wa nusu. Hakuna fomu itakayomfanya aseme. Toyota imekuwa na mpango wa kupokea mapendekezo ya wafanyakazi tangu mwaka 1951, na humtuza mtoa wazo hata kwa marekebisho madogo. Pendekezo likikubaliwa, karatasi ya utaratibu wa kazi iliyobandikwa kwenye kituo hicho hubadilishwa, na zamu inayofuata hufanya kazi kwa karatasi mpya.