Je, wajua kwa nini fumbo huuma kuliko tusi?

Jioni moja huko Tanga, nikiwa na miaka tisa au kumi, mama alinishika mkono tukaenda nyumba ya tatu kutoka kwetu. Shoga yake alikuwa barazani anapepeta mchele. Wakasalimiana, wakaulizana hali za watoto, wakasikitikia bei ya samaki. Kisha mama akasema, kama anayeongea na ukuta:

“Sisi leo tumekula wali mkavu.”

Shoga yake akaweka ungo chini, akajipiga paja. “Yarabi toba! Mbuzi yako!” Akaingia ndani mbio, akatoka na mbuzi ya kukunia nazi aliyoiazima wiki mbili nyuma, mkono wa pili kashika nazi mbili. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi sikuona cha kuchekesha. Mama hakutaja mbuzi, hakutaja nazi, wala hakusema “nirudishie”.

Tazama kazi aliyoifanya yule shoga kwa kufumba na kufumbua. Wali wa pwani ni wa nazi, kwa hiyo wali mkavu ni habari. Nazi zenyewe mtaani kwetu hazikosekani. Kama nazi zipo na wali ni mkavu, kilichokosekana ni cha kukunia. Na cha kukunia kiko wapi? Uvunguni mwangu! Mama alisema maneno matano tu, yaliyobaki shoga akajisemea mwenyewe moyoni.

Neno fumbo limetoka hapo hapo. Mkono hufumbwa, macho hufumbwa, na maneno nayo hufumbwa. Msemaji anafumba, msikilizaji anafumbua, na wa pili akikosekana hakuna fumbo, kuna sentensi ya wali tu. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Mimi naona methali hiyo inamheshimu msikilizaji kuliko msemaji, maana kazi kubwa ni yake.

Mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice aliligusa jambo hili katika mihadhara aliyoitoa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1967. Mfano wake mmoja naupenda sana. Mwalimu ameombwa barua kuhusu mwanafunzi wake anayetafuta kazi ya kufundisha falsafa. Anaandika kwamba kijana anakijua Kiingereza vizuri na amehudhuria vipindi bila kukosa. Basi, anatia sahihi. Hakuna neno baya hata moja, lakini msomaji anajiuliza: mbona falsafa yenyewe haikutajwa? Hoja ya Grice ni kwamba tunapozungumza tunategemeana. Kila mmoja anaamini mwenzake anasema kinachohitajika, kwa kiasi kinachohitajika. Ukisema pungufu, au ukileta habari ya wali bila kuulizwa, akili ya mwenzako haitulii mpaka ipate sababu.

Sasa turudi kwenye maumivu. Tusi linatoka nje. Ukitukanwa unaweza kusema aliyekutukana ni muongo, hana adabu, na majirani watakuunga mkono. Fumbo umelifumbua mwenyewe. Neno chungu hukulisikia kwa mtu, umelitamka kichwani mwako kwa sauti yako, na ulilifikia kwa kuwa ulijua lina ukweli. Ukisimama ukauliza “Unanisema mimi?”, umekwisha kujitaja. Ndiyo maana kijembe kizuri kinamwacha mtu mdomo wazi.

Kicheko nacho kinapita njia hiyo hiyo. Kinachofurahisha ni ule mruko wa mwisho ambao msikilizaji anauruka peke yake. Mueleze mtu fumbo na umemnyang'anya mruko huo. Mama alijaribu kunieleza njiani tukirudi, na mimi nikasema “Aaa” bila kucheka.

Hakuna mahali ustadi huu ulipopata makao mazuri kama kwenye kanga, au leso kama wasemavyo Mombasa. Kanga ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, na chini ya mji kuna jina lake, yaani yale maandishi. Zamani maandishi hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakaja ya Kirumi. Mwanamke akitoka na doti iliyoandikwa “Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake”, akapita mbele ya nyumba fulani mara tatu asubuhi moja, ujumbe umefika. Akiulizwa, anajibu kwamba amependa rangi. Na kweli rangi ni nzuri, maneno yalichapwa kiwandani, na kanga kama hiyo wanayo wengi. Utamshtaki kwa lipi?

Kwenye taarabu mchezo unakwenda mbali zaidi. Shairi ni la mtunzi, sauti ni ya mwimbaji, lakini mwanamke aliyekaa nyuma anangoja mshororo mmoja tu. Ukifika anainuka, noti imeinuliwa juu, anatembea kwa madaha kwenda kutunza, na njia anayoichagua inapita karibu na kiti cha mtu. Hakufungua mdomo. Ukumbi mzima umeelewa.

Siku hizi mafumbo yamehamia kwenye stetasi za simu, na hapo ninasikitika kidogo. Mtu anaandika “Wengine shukrani hawana”, na watu mia nne wanasoma. Ni jiwe limetupwa gizani, na wanaolia “uwii” ni kumi, tisa kati yao hawana kosa. Dada yangu aliwahi kunipigia usiku akilia kwa maneno ambayo hayakumhusu kabisa. Kanga angalau ilipita mbele ya mlango mmoja.

Fumbo linahitaji watu wanaojuana, tena wanaojua vitu vilevile. Hilo mama alilijua miaka mingi baadaye, jirani mpya alipohamia mtaani kwetu, bibi harusi kutoka Dodoma. Binti aliazima mbuzi ajaribu kupika wali wa nazi, siku zikapita. Mama akaenda, akaketi, akasalimiwa kwa heshima zote, na wakati ulipofika akasema:

“Mwanangu, sisi leo tumekula wali mkavu.”

Binti akasimama na huruma usoni. Kwao wali wa mafuta ni chakula cha kawaida, kwa hiyo “mkavu” alielewa ni wali uliokosa mboga. “Pole mama, ngoja nikupatie.” Akarudi na bakuli la mlenda, limefunikwa vizuri kwa kawa.

Mama alishukuru, akaja nalo nyumbani, tukala. Mbuzi ilikaa kule wiki nzima nyingine, mpaka alipokwenda kuiomba kwa jina lake.