Gari inakatakata mlimani, ikifika gereji haina neno

Mwalimu mmoja wa skuli ya msingi huku Pemba alikuja chuoni kwetu, tunakofundisha ufundi wa magari, na mkoba wa ukili. Ndani mlikuwa na plagi nne za kutoa cheche, koili moja ya kuzipa umeme na pampu ya mafuta, vyote vya zamani, vilivyovuliwa kwenye gari yake kimoja kimoja kwa muda wa miezi miwili. Mahali pake pametiwa vipya. Na bado gari ikipanda mlima baina ya Chake na Wete inakatakata kama mtu aliyepaliwa.

"Maalim," akaniambia, "hii gari inanifanyia inda. Nikiipeleka kwa fundi inanguruma vizuri, fundi ananitazama kama mwongo. Nikitoka nayo tu, inaanza."

Nilizipima plagi, koili na pampu zile. Hapakuwa na kibovu hata kimoja, ila plagi zilikuwa zimepauka mdomoni, jambo nililoliweka akilini. Nikamuuliza swali moja: inakatakata wakati gani?

"Wakati wote."

Hapana gari inayokatakata wakati wote. Ingekuwa hivyo isingefika chuoni, na fundi angeliona tatizo asubuhi ile ile ya kwanza. Tatizo linalokuja na kuondoka lina masharti yake: linataka joto, au mvua, au mlima, au tangi likaribie kukauka. Gereji gari imesimama, boneti limefunguliwa, upepo unapita, fundi anakanyaga mafuta bila ya mzigo wowote. Masharti yale hayapo, na tatizo nalo halipo. Kwa hiyo anayeanza kuuliza "kifaa gani?" kabla ya "wakati gani?" anacheza bahati nasibu kwa fedha za mwenye gari.

Nikampa daftari. Kila gari ikikatakata, aandike: injini ilikuwa baridi au moto, tambarare au mlima, mvua au jua, sindano ya geji ya mafuta imesimama wapi, gia ya ngapi, na kama feni ya ubaridi imewashwa. Nikamwambia aandike pia pale alipotarajia ikatike isikatike. Hili la mwisho watu hulidharau.

Wakati yeye anaandika, niwaeleze nyinyi kinachotafutwa.

Injini ya petroli inakula hewa zaidi kuliko mafuta: kwa kila gramu moja ya petroli inataka kiasi cha gramu 14.7 za hewa, kisha cheche ya kuwasha, kwa wakati wake. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 25 kwa sekunde moja. Silinda moja ikikosa mara tatu au nne tu, unahisi mguuni. Ndiyo ile mafundi wanayosema gari inapiga misi.

Anza kwa kusikiliza namna gari inavyokata. Kuna kukatika kwa ghafla, kama mtu anayezima na kuwasha swichi, na kuna kufifia pole pole, kama mtu aliyeishiwa pumzi akipanda ngazi. Kwa ghafla, mara nyingi ni umeme. Kwa kufifia, mara nyingi ni mafuta, au moshi usiopata njia ya kutoka. Na kama gari yako ina saa ya mzunguko wa injini, itupie jicho: gari ikikata huku sindano ikianguka hadi sifuri na ilhali magurudumu bado yanaizungusha injini, basi taarifa ya mzunguko imepotea, na wa kutiliwa shaka ni sensa ya krenki (inayoiambia kompyuta injini inavyozunguka), distribyuta (inayogawa umeme kwa plagi) au nyaya zake. Sensa hizi zikizeeka zina tabia ya kufa zikipata moto na kufufuka zikipoa. Unakokota gari nusu saa, unaijaribu, inawaka. Watu husema ni shetani.

Mafuta yanataka maelezo marefu zaidi, kwa sababu hapa ndipo mazoea yetu yanapotugharimu. Wengi tunatia mafuta ya elfu tano, elfu kumi, tunazunguka na taa ya mafuta ikiwaka wiki nzima. Pampu ya gari za nozeli, yaani zile ambazo petroli inapulizwa ndani ya injini kwa amri ya kompyuta, imekaa ndani ya tangi, na kinachoipoza ni petroli yenyewe inayoizunguka na kupita ndani yake. Tangi likikaa karibu na kukauka, pampu inafanya kazi kwa joto na umri wake unapungua. Tena Pemba si Unguja. Huku barabara inapanda na kushuka. Ukiingia mlimani na lita tatu, mafuta yanakimbilia upande mmoja wa tangi, pampu inavuta hewa, gari inakata. Ukifika juu tambarare inarudi kama kwamba hapakuwa na kitu. Kabla ya kununua chochote, tia nusu tangi upande mlima ule ule.

Halafu maji. Lita ya petroli ina uzito wa kiasi cha robo tatu za kilo, lita ya maji ni kilo moja. Maji yakiingia hayachanganyiki, yanazama chini, na chini ndipo pampu inapovuta. Yanaingia kwa mfuniko wa tangi uliochakaa mpira wake wakati wa masika, au kwa mafuta yaliyonunuliwa kwenye madumu barabarani, ambayo hujui dumu lile jana lilibeba nini. Ukitaka kujua, fundi atoe mafuta kidogo kutoka chini ya tangi ayaweke kwenye chupa safi ya kioo, iachwe itulie. Ukiona mstari, chini kuna maji.

Mfuniko huo huo una hila nyingine. Mafuta yakipungua, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Tundu la hewa likiziba, tangi linajivuta ndani, pampu inashindana nalo, na baada ya nusu saa ya safari gari inafifia. Ukisimama, fungua mfuniko. Ukisikia hewa inaingia kwa nguvu, "fyuu", na gari ikapata uhai, umeshajua. Ila hakikisha hapana anayevuta sigara karibu.

Chujio la mafuta lililoziba nalo linajificha gereji, kwa sababu injini isiyo na mzigo inataka mafuta machache, na machache yanapita. Fundi anayepima mgandamizo wa mafuta gari ikiwa imesimama amepima nusu ya jambo. Gari nyingi za nozeli za miaka ya 1990 zinataka kiasi cha bar 3, na saa ya kupimia ifungwe vizuri, isivuje, ionekane safarini, gari ikiwa na mzigo. Sindano ikianguka mlimani, tatizo liko upande wa mafuta. Isipoanguka, iacheni pampu ilipo.

Cheche nayo inapenda kukosekana mlimani, na sababu yake ni nzuri kuijua. Ukikanyaga mafuta, hewa nyingi inaingia kwenye silinda na kugandamizwa zaidi, na kadiri ilivyogandamana ndivyo cheche inavyotaka volti nyingi kuruka kwenye mdomo wa plagi. Waya wa plagi uliopasuka unaweza kuhimili gari ikiwa imesimama, lakini ukitiwa mzigo umeme unatafuta njia fupi kupitia ule ufa hadi kwenye bati la injini. Basi ngoja usiku, paki mahali penye giza, fungua boneti injini ikiwaka, nyunyizia maji kidogo kwa chupa ya kupigia pasi kando ya waya za plagi na koili. Ukiona vicheche vya buluu vinatembea, hapo ndipo. Usitie mkono, ni maelfu ya volti. Kwa wenye mita, waya wa plagi wa Toyota za miaka ile haufai kuzidi kilo-omu 25. Gari inayosumbua asubuhi za umande na siku za mvua, kisha ikatulia jua likiwaka, mimi huanzia hapa.

Sisi tuna adui ambaye watu wa bara hawamfikirii sana, nayo ni hewa ya bahari. Chumvi inaingia kwenye soketi za nyaya, na khasa kwenye ule waya mnene wa ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri, unaotoka injini kwenda bodi na betri. Kwa nje unauona mzima, ndani umegeuka unga wa kijani. Gari zinazochukua samaki, maji ya ndoo yakimwagika ndani, ndizo zinazoteseka zaidi. Kupima si kazi: weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye bati la injini, nyingine kwenye kichwa hasi cha betri, mtu apige stata. Ikizidi nusu volti, ethi ina kasoro. Kisha injini ikiwaka tikisa nyaya moja moja, mbali na feni na mikanda. Injini ikishituka ulipogusa, umefika.

Hapa niseme na vijana wangu wa gereji. Kile kitendo cha kuvua kichwa cha betri injini ikiwaka ili kupima altaneta, ile inayochaji betri, kiacheni. Kilifaa kwa gari za babu zenu. Kwenye gari yenye kompyuta, betri ndiyo inayotuliza umeme. Ukiivua ghafla volti zinaruka juu na unaweza kuunguza kompyuta ambayo bei yake inakaribia ya injini. Mita ya volti inatosha: injini ikiwaka betri isome baina ya 13.5 na 14.5.

Na msiichukulie misi kuwa jambo la kuvumilia mpaka mwisho wa mwezi. Petroli isiyowaka ndani ya silinda inakwenda kuwaka kwenye masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi. Masega yanapata moto kupita kiasi, yanayeyuka, yanaziba njia ya moshi. Hapo ulikuwa na tatizo la plagi moja, sasa unayo mawili, na la pili ndilo linaloifanya gari isipande mwendo hata ukikanyaga mpaka chini. Kuyakata masega na kuweka bomba tupu ni kumhamishia jirani moshi wako.

Taa ya injini ikiwaka, itumie, lakini ielewe. Toyota nyingi za miaka ya 1990 hazitaki mashine: unaunganisha matundu mawili yaliyoandikwa TE1 na E1 kwenye kile kiboksi kidogo chini ya boneti, unafungua swichi bila ya kuwasha injini, unahesabu mimeto ya taa. Ikimeta mfululizo kwa usawa, kompyuta haina la kusema. Namba 31 kwa mfano ni njia ya sensa ya hewa, inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Nimesema njia, yaani sensa, soketi na nyaya zake zote. Nimeshuhudia sensa nzima zikitupwa kwa sababu ya soketi yenye kutu.

Gari ikikukatika barabarani, ondoka pembeni mapema. Injini ikizima kabisa usukani unakuwa mzito na breki inabaki na nguvu za kukanyaga mara mbili tatu tu, kwa hiyo ikanyage mara moja kwa uthabiti, usiipigepige.

Mwalimu alirudi baada ya siku tisa. Daftari lilikuwa na mistari kumi na moja, kwa mwandiko wa ubaoni. Injini moto, na baridi pia. Jua, na mvua pia. Robo tangi, na nusu tangi pia. Kilichokuwa hakibadiliki ni kimoja: gia ya kwanza au ya pili, mlimani au akiondoka kwa nguvu. Na chini kabisa, pale nilipomwambia aandike isipokatika: "Kuingia uani kwangu kuna mlima, naupanda kwa kurudi nyuma. Haijakatika hata siku moja."

Nikacheka peke yangu. Injini inaposukuma gari mbele, inajiinamisha upande mmoja. Inaporudi nyuma, inajiinamisha upande wa pili. Nikamwita mwanafunzi akae usukanini, ashike breki sawasawa, mimi nikasimama ubavuni, si mbele ya gari. Alipotia gia ya kwanza na kuachia klachi kidogo, injini iliinuka kama mtu anayetaka kuondoka kitini: mpira mmoja wa mauntini, inayoishika injini mahali pake, ulikuwa umekatika. Na ule mpira mpana wa hewa, baina ya sensa ya hewa na koo la injini, pale hewa inapoingilia, ukafunua ufa kwenye mkunjo wake wa chini, mrefu kama kidole. Hewa ilikuwa inaingia humo bila ya kuhesabiwa na sensa, kompyuta ikitia petroli ya hewa iliyohesabiwa tu. Petroli ikawa chache kuliko hewa, ndiyo maana plagi zilikuwa zimepauka. Akirudi nyuma, ufa unajifumba. Gereji, gari imesimama bila ya mzigo, ufa unajifumba.

Tukauviringa mpira utepe kwa muda, tukaenda naye mlimani mara tatu. Mpira mpya na mauntini alitiwa wiki iliyofuata. Koili na plagi za zamani amezirudisha nyumbani kwenye mkoba wake, za akiba. Pampu ametuachia, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaifungua na kuifunga mpaka leo.