Faktire Ndani ya Katoni ya Sabuni

Mimi ni kontabu, mhasibu wa maduka madogo, na kuanzia tarehe 10 ya kila mwezi simu yangu hapa Lubumbashi hainyamazi. Deklarasyo ya TVA, ile kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 tunayoijua tangu 2012, haipaswi kupita tarehe 15. Hata kama hukuuza msumari hata mmoja, unapeleka karatasi ya kusema hukuuza.

Watu huniuliza watalipa franka ngapi. Kazi ya kuilipa hiyo kodi inawala kiasi gani, hawaulizi.

Mteja wangu mmoja ana duka la simenti na mabati. Anauza kwa dola, mimi natangaza kwa franka, kwa hiyo kila faktire naisakia kiwango cha kubadilisha dola cha siku yake. Akinunua kwa mtu asiyetoa faktire yenye Namba ya Impo, yaani namba ya mlipakodi, TVA ya manunuzi hayo hawezi kuikata kwenye ile anayodaiwa. Halafu kuna kuuza kwa mkopo, na hapo ndipo hasira ilipo. Kwa bidhaa, kodi inahesabiwa mzigo unapotolewa, pesa iwe imeingia au la. Aliniambia siku moja: “Sasa kontabu, mutu bado hayanilipa, njo miye nalipa Leta?” Leta ndiyo serikali. Ndiyo, baba. Fundi umeme jirani yake anauza kazi, si bidhaa. Yeye kodi yake inangoja alipwe.

Cedric Sandford, aliyepima gharama za kazi hii ya kulipa kodi Uingereza tangu miaka ya 1970, alionyesha kwamba, ukilinganisha na mauzo, wadogo ndio wanaoumia zaidi. Naliona hilo kwenye meza yangu: fomu ya duka la mlango mmoja ni ileile ya mwenye malori kumi, na saa ninazotumia hazipishani mara kumi.

Na mimi je? Nalipwa kwa mwezi, bei moja. Saa za kupekua katoni ya sabuni nikitafuta faktire zilizopotea hazimo, wala petroli ya jenereta umeme ukikatika tarehe 14. Niliwahi kukosea mwezi kwenye fomu ya mteja. Faini niliilipa mwenyewe, maana kosa lilikuwa langu.

Nimempa yule wa simenti katoni mbili zenye mifuniko, moja ya kuuza, moja ya kununua. Sikumdai. Mwezi huu faktire zilifika tarehe 6, zimejaa vumbi la simenti, na zilizokosekana ni tatu tu.