Jicho jekundu na kichupa cha wifi

Kaskazi ilikuwa imeshaanza kuvuma nilipompokea mama mmoja wa Makorora na mwanawe wa miaka saba, jicho la kulia jekundu. Kabla hajakaa alifungua pindo la kanga akatoa kichupa cha matone. "Daktari, hii ilimponya mtoto wa wifi yangu, kwa huyu imegoma." Nikasoma lebo: ina steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu. Kichupa kile kilikuwa kimeshapita nyumba tatu.

Nafanya kazi ya macho hapa Tanga, na hata nikinunua samaki Deep Sea huulizwa dawa ya macho mekundu ni ipi. Siwezi kujibu hivyo hivyo. Kwanza nataka kujua jicho linatoa nini, na linauma au linawasha.

Likitoa machozi mepesi, lilianza moja kisha baada ya siku mbili tatu likafuata la pili, pengine na mafua au kitezi kinachouma mbele ya sikio, hao ni virusi. Ndivyo ilivyokuwa Dar es Salaam Januari 2024, mpaka Wizara ya Afya ikatoa tahadhari. Hupona wenyewe, aghalabu kwa wiki moja hadi mbili. Nikisema hivyo mgonjwa hununa, anaona nauli ya bodaboda imepotea bure. Lakini kitambaa safi cha maji baridi kinamtosha, na taulo na foronya awe na vyake peke yake. Virusi hivi hukaa siku kadhaa kwenye vitu vinavyoshikwashikwa, ndiyo maana mtoto mmoja akienda chuoni na jicho lake, wiki ijayo hata maalimu anafikicha.

Tongotongo zito la njano, kope zimegandana asubuhi, hapo nafikiria bakteria. Safisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha mafuta ya tetrasaikilini ya asilimia 1, au matone ya kloramfeniko ya asilimia 0.5, kama ulivyoandikiwa. Vuta kope ya chini, tone moja, fumba dakika moja. Matone matatu kwa mpigo ni kulisha shavu.

Kama kubwa lao ni kuwasha, macho yote mawili, na mtoto anafikicha mchana kutwa, hasa vumbi likizidi, huo ni mzio. Hauambukizi. Mtoto wa wifi, kwa maelezo niliyopewa, alikuwa na huu, na steroidi hutuliza mzio haraka sana. Ndipo sifa za kichupa zilipoanzia.

Sasa yule wa Makorora. Hakuwa akifikicha, alikuwa akiukimbia mwanga wa dirishani. Nikaweka rangi ya fluoreseini, nikamulika taa ya buluu: kwenye kioo cha jicho, ule utando angavu wa mbele, kukaonekana kidonda chenye matawi kama mti mkavu. Hiyo ni herpesi, aina nyingine ya virusi. Steroidi huteremsha kinga ya jicho na kukiachia kidonda kitambae, huku wekundu ukipungua na mama akidhani mtoto anapona. Na hata asiye na kidonda, akiitumia miezi bila kupimwa, presha ya jicho inaweza kupanda, mtoto wa jicho akafuata.

Tulimpa mafuta ya asiklovia, dawa ya virusi hivyo, mara tano kwa siku. Kidonda kilifunga, kimeacha ukungu mdogo pembeni, mbali na mboni. Alikuwa na bahati, nami sikumgombeza mama yake. Aliyeuza dawa ile bila cheti ndiye ningependa kuzungumza naye.

Maziwa ya mama, majani ya chai, mkojo, utomvu wa majani: sipendi hata kimoja machoni. Vyote vinaweza kuingiza vijidudu kwenye jicho lililokwisha kuchubuka.

Usisubiri siku ya pili ikiwa jicho linauma hasa, kuona kumefifia, mwanga hauvumiliki, kuna doa jeupe kwenye cheusi cha jicho, au limechomwa na kitu, hata mwiba wa mkonge. Anayevaa lenzi azivue aje nazo. Na kichanga wa chini ya siku 28 mwenye usaha machoni apelekwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku: kisonono alichokipata wakati wa kuzaliwa kinaweza kutoboa kioo cha jicho ndani ya siku chache, na matibabu yake ni sindano. Mama na baba nao watatibiwa.