Machozi yanasingiziwa: kulia na kipandauso

Siku ya pili ya msiba, mama mmoja alimwinamia shangazi yangu mkekani akamnong'oneza, "Jikaze, ukilia sana kichwa chako kitaanza." Aliyekaa upande wa pili akamkata: "Mwacheni alie. Akitoa la moyoni na kichwa kitatulia." Shangazi ana kipandauso tangu usichana wake, na nusu ya waliokuwa uani walijua. Jioni tulimkuta chumba cha nyuma, dirisha limezibwa kwa shuka, kanga imekazwa kichwani kama kitanzi, ndoo ya kutapikia pembeni. Mkekani ubishi ukazuka upya. Hawa wakasema amelia mno, wale wakasema hakulia vya kutosha.

Kipandauso si kila kichwa kinachouma. Ni shambulio la ubongo na neva zake, ambalo lisipotibiwa huchukua saa 4 hadi 72. Mara nyingi kichwa hupwita upande mmoja, ukiinama au ukipanda ngazi kinazidi, moyo unachafuka, mwanga na kelele havivumiliki. Duniani karibu mtu mmoja kati ya saba anao. Wengine, kabla ya maumivu, huona vimulimuli au mistari ya kumetameta machoni.

Dhana: kulia kunatoa sumu mwilini, ndiyo maana kichwa hupoa

Hii ina chimbuko la kisayansi, na ndiyo sababu haifi. Katika miaka ya 1980 mwanabiokemia wa Minnesota, Marekani, William Frey, alilinganisha machozi ya huzuni na machozi ya kukata kitunguu, akaona ya huzuni yana protini nyingi zaidi. Akapendekeza kwamba huenda mwili hutumia kilio kutoa kemikali za msongo. Lilikuwa pendekezo. Lilipofika mitaani likawa "imethibitishwa". Fikiria kipimo chenyewe: ulie mpaka macho yavimbe, machozi yako hayatajaza kikombe cha kahawa, na mengine hupitia tundu dogo la kona ya jicho yakashukia puani ukayameza. Kazi ya kusafisha damu hufanywa na figo na ini usiku na mchana, bila kwikwi.

Kuhusu nafuu ya moyo, yaani hisia, kuna kipimo kizuri zaidi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi, akiwemo Ad Vingerhoets, waliwaonyesha watu filamu za kuhuzunisha. Waliolia walitoka wakiwa na hali mbaya kuliko walivyoingia. Baada ya dakika 20 walikuwa wamerudi pale pale, na baada ya dakika 90 walijisikia vizuri kuliko kabla ya filamu. Kwa hiyo nafuu ya kilio ipo, ila inachelewa, na kilichopimwa pale ni moyo. Kichwa hakikupimwa.

Lakini wapo wanaoapa: "Nililia usiku kucha, asubuhi nikaamka mzima." Siwakatalii. Nawauliza tu hapo katikati walifanya nini, na jibu ni lile lile kila mara: walilala. Usingizi ni miongoni mwa mambo yanayokata shambulio la kipandauso, hasa kwa watoto. Mtoto analia kichwa kinamuuma, anasinzia begani, anaamka anadai chai. Sifa zinaenda kwa kilio, kazi imefanywa na usingizi. Tena shambulio lina mwisho wake lenyewe. Chochote ulichofanya saa chache kabla halijaisha kitaonekana ndicho kilicholimaliza.

Dhana: kulia ndiko kunakoleta kipandauso

Hapa ukweli umechanganyika na uzushi, na ndipo shangazi yangu anapoingia.

Ni kweli kwamba kulia kwa kwikwi ni kazi nzito kwa kichwa. Misuli ya paji, taya na shingo inajikaza, pua inaziba, na kila unapobana pumzi kifuani, mgandamizo unapanda kichwani. Mtu asiye na kipandauso naye anaweza kuondoka na kichwa kizito kama amebeba debe la maji. Aliyekwisha kuanza shambulio ni wazi atazidiwa, kwa kuwa kipandauso hakipendi mtikisiko wowote, iwe kukohoa, kuinama, hata kutembea haraka. Kulia kwa nguvu katikati ya shambulio kunaongeza maumivu. Hilo sibishani nalo.

Ila kusema chanzo ni machozi ni jambo jingine. Hebu tumhesabie shangazi siku zile mbili. Usiku wa kwanza hakulala, alikesha na ndugu. Asubuhi hakugusa uji. Mchana alikaa chini ya turubai lenye matundu, jua linamchoma usoni kila anapohama. Moshi wa kuni za jikoni ukivuma upande huu, moshi wa ubani unatoka ndani. Hajanywa kikombe chake cha chai ya rangi ambacho huwa hakikosi saa nne. Kukosa usingizi, kuruka mlo, mwanga mkali, harufu kali, kukatisha kafeini ghafla: kila kimoja kati ya hivyo kinajulikana kwa kuchochea kipandauso. Alivipata vyote kwa mkupuo, na watu wakaona machozi peke yake, kwa sababu ndiyo yanayoonekana.

Kuna jambo la pili, nalo huwashangaza wengi. Shambulio halichagui kilele cha msongo. Mara nyingi hungoja mtu anapopumua. Mwaka 2014 kundi la watafiti wa New York likiongozwa na Richard Lipton lilichapisha utafiti mdogo wa watu 17 wenye kipandauso, waliokuwa wakiandika kila siku msongo wao na maumivu yao. Msongo uliposhuka kutoka siku moja hadi nyingine, uwezekano wa kupata shambulio ndani ya saa 6 za mwanzo ulipanda karibu mara tano. Watu 17 si wengi, lakini waalimu wanaougua siku shule ikifungwa, na mabibi harusi wanaougua harusi ikiisha, watalitambua jambo hili bila kusoma utafiti. Mtu anaanguka kilio jeneza likishafukiwa, watu wakianza kutawanyika. Kichwa nacho kinaanza wakati huo huo. Kimoja hakikumzaa mwenzake, vyote viwili vimezaliwa na siku ile.

Na la tatu: inawezekana mpangilio wenyewe tumeugeuza. Kipandauso huanza saa nyingi kabla ya maumivu, pengine siku moja au mbili. Mtu hupiga miayo ovyo, shingo inakakamaa, anatamani chakula fulani, anakuwa mkali au mwepesi wa machozi bila sababu ya maana. Ukigombana na mumeo juu ya chumvi ya mchuzi, ukalia, kisha jioni kichwa kikapasuka, utasema ugomvi ndio ulioleta. Huenda shambulio lilikuwa limeanza asubuhi, na kilio kile kilikuwa dalili yake ya kwanza.

Dhana: machozi yakitoka wakati wa maumivu, ni deko

Neva inayobeba maumivu ya kipandauso ndiyo hiyo hiyo inayohudumia jicho, paji na utando unaofunika ubongo. Ikichokozwa, ujumbe hupita kwenye shina la ubongo na kurudi kwenye tezi za machozi. Jicho linachuruzika bila kuamriwa na huzuni yoyote. Hayo ni machozi ya kitunguu, na kumwambia mtu ajikaze ni sawa na kumwambia ajikaze mbele ya kitunguu.

Kama machozi ni ya jicho moja tu, tazama vizuri zaidi. Jicho jekundu linalotoa machozi, tundu la pua la upande huo linavuja, maumivu makali mno kuzunguka jicho ya dakika 15 hadi saa 3, yanayorudi karibu saa ile ile ya usiku, na mgonjwa hawezi kutulia, anazunguka chumba akijigonga kichwa: hiyo si picha ya kipandauso. Ni aina nyingine ya maumivu ya kichwa iitwayo klasta, huwapata zaidi wanaume, na ina tiba zake, ikiwemo kuvuta oksijeni hospitalini. Mueleze daktari jambo la jicho na pua hata kama hakuuliza.

Dhana: ukilia sana unakaukiwa maji, kichwa kinauma kwa kiu

Kiasi chenyewe tumeshakitaja. Anayelia siku nzima anakaukiwa kwa sababu hakunywa. Mpe maji.

Dhana: wanaume hawapati, hawalii

Wanawake hupata kipandauso karibu mara tatu zaidi ya wanaume, na homoni zina mkono mkubwa, hasa estrojeni inaposhuka karibu na hedhi. Kabla ya kubalehe wavulana na wasichana hawapishani sana. Wanaume wapo wengi, wanasema ni "uchovu" na wanameza vidonge kimya kimya.

Kuhusu vidonge hivyo: humezwa mapema maumivu yakianza, si baada ya kusubiri yakomae. Tumbo hufanya kazi polepole shambulio likishika, ndiyo maana kidonge cha saa tano baadaye huishia kwenye ndoo. Lakini dawa za kawaida za maumivu zikifika siku 15 kwa mwezi, au zile za mchanganyiko wenye kafeini siku 10, kwa miezi zaidi ya mitatu, zenyewe huanza kuzaa maumivu ya kichwa. Anayefika huko anahitaji dawa ya kuzuia, kama propranolol, kwa ushauri wa daktari.

Na yapo maumivu ambayo mjadala wa machozi haufai kuyachelewesha hata kidogo: kichwa kinacholipuka ghafla kwa ukali usiowahi kuuona, chenye homa na shingo kukakamaa, chenye mkono kulegea au ulimi kuwa mzito, kinachoanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, au cha mjamzito aliyepita wiki 20. Hospitali siku hiyo hiyo.

Shangazi alianza kuweka alama kwenye kalenda ya ukutani: duara siku ya kichwa, nukta siku aliyolia, msalaba siku aliyoruka mlo. Baada ya miezi michache misalaba ilikaa jirani na duara kuliko nukta. Sasa akienda msibani mkoba wake una chupa ya maji, tende, kofia ya ukili na dawa zake, na saa nne anajipenyeza jikoni kudai chai ya rangi. Kulia analia vile vile, kwa sauti, wa kwanza kuanza.