Studio ya kupanga Chicago: yanayosemwa na yalivyo

"Wewe tafuta kodi ya chini, mengine utazoea." Mgeni akifika Chicago ushauri huu ndio wa kwanza kupewa, na ndio unaokula pesa nyingi kuliko yote yatakayofuata. Studio ni chumba kimoja chenye jiko na bafu lake, kile ambacho Nairobi wangekiita bedsita. Kwenye matangazo zote zinafanana. Tofauti huja kuonekana Januari, bili ya kupasha nyumba inapoingia.

Majengo mengi ya zamani ya matofali ya Rogers Park, Edgewater na Uptown, mitaa ya kaskazini mwa jiji, yana boila moja kwenye ghorofa ya chini ya ardhi, inayopasha jengo zima. Mvuke hupanda kwenye mabomba mpaka kwenye rejeta ya chuma pembeni ya dirisha. Usiku mabomba hugonga kana kwamba kuna fundi ndani yake, na siku nyingine joto huzidi hadi watu wanafungua dirisha huku theluji inaanguka. Kelele hiyo vumilia, kwa sababu mara nyingi gharama ya joto imo ndani ya kodi. Jirani hapo utakuta studio imekarabatiwa vizuri, kodi iko chini kidogo, lakini hita ni ya umeme na bili ni yako. Sheria ya jiji inamtaka mwenye nyumba anayemwachia mpangaji gharama hiyo amwonyeshe kwanza makadirio ya wastani wake kwa mwezi. Karatasi hiyo ipo, ila wengi hawaiulizi.

Wapo pia wanaoamini kwamba baridi ya ndani ni shida ya mpangaji, avae sweta. Hapana. Pale joto linapotoka kwa mwenye nyumba, kuanzia 15 Septemba hadi 1 Juni ndani pasishuke chini ya nyuzi 68 za Farenhaiti mchana na 66 usiku, yaani karibu 20 na 19 za Selsiasi. Pakishuka, piga 311, namba ya simu ya huduma za jiji, na jiji litapokea malalamiko.

"Ukilipa miezi sita mkupuo, chumba ni chako." Hiyo ni Dar. Huku mkataba kwa kawaida ni wa miezi 12 na kodi hulipwa mwezi kwa mwezi. Anayetaka pesa kabla hujaingia kukiona chumba, tena kwa Zelle, huduma ya kutumiana pesa kwa simu, kwa madai kwamba yuko nje ya nchi na ufunguo atautuma kwa posta, ni tapeli. Picha amezichukua kwenye tangazo la mtu mwingine. Dalali naye si lazima umlipe: mawakala wenye leseni kwa kawaida hulipwa na mwenye nyumba.

"Bila historia ya mikopo hupati kitu." Hapa kuna ukweli nusu. Kampuni zenye maghorofa marefu ya katikati ya jiji hutazama alama zako za mikopo, yaani kipimo cha jinsi unavyolipa madeni, na kutaka mshahara unaofika mara tatu ya kodi, na mtu wa mapokezi hana uwezo wa kubadilisha jibu. Mzee mwenye jengo moja dogo anaweza kukubali hati za mshahara, barua ya mwajiri na mdhamini. Ningeanza kwake. Ila ujue jambo moja: akiwa anaishi humo humo na jengo lina nyumba sita au pungufu, sheria ya jiji ya wapangaji ya mwaka 1986 kwa sehemu kubwa haimgusi.

Mwisho ni ile pesa ya kuingilia, ambayo watu huiita dhamana wakidhani itarudi. Dhamana halisi ina masharti makali chini ya sheria hiyo: stakabadhi, akaunti ya pekee, riba, kurudishwa ndani ya siku 45 baada ya kuhama, na mwenye nyumba akikosea anaweza kudaiwa mara mbili yake. Kwa kuogopa masharti hayo, wengi waliachana nayo wakaanza kutoza ada ya kuhamia. Ada hiyo ni ndogo kuliko dhamana, na hairudi hata ukiacha chumba kinang'aa.